Sarafu ya dhahabu ya Kombe la Dunia kwa laki nne na nusu: jibu kwa msomaji wa Ngamiani

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni fundi simu hapa Ngamiani, Tanga, nina miaka 27. Mpira ndio starehe yangu kubwa, na tangu CHAN ya Agosti 2025 ichezwe kwetu nimeingiwa na hamu ya kukusanya sarafu za kumbukumbu za mashindano ya mpira. Sasa kuna baharia ananiuzia sarafu ya dhahabu ya Kombe la Dunia la Qatar 2022 kwa shilingi 450,000. Upande mmoja ina kombe, upande wa pili uwanja, na imo kwenye kasha la plastiki pamoja na cheti chake. Ameniachia siku mbili niifikirie. Sonara ameipima akasema gramu 30. Mimi nimeipima upana nikapata milimita 40, unene 3. Ninunue? Na kama si hii, nianze na zipi ili AFCON ya 2027 inikute nina kitu cha maana?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiinunue. Mrudishie baharia wako kwa wema, maana inawezekana kabisa naye aliuziwa hivyo hivyo kwenye bandari nyingine akaamini. Lakini kabla hujairudisha, zitumie hizo siku mbili kuichunguza vizuri, kwa sababu kitu hicho kimoja kitakufundisha karibu yote ambayo mkusanyaji anatakiwa kuyajua kabla hajafungua pochi.

Igeuze tena pande zote mbili, utafute vitu viwili tu: jina la nchi iliyoitoa (au la mfalme au malkia wake, kama wafanyavyo Uingereza) na thamani yake, yaani riyali ngapi, dola ngapi, shilingi ngapi. Umenitajia kombe na uwanja, hukunitajia nchi wala thamani, nami nadhani ni kwa sababu havipo. Sarafu ni pesa. Inatolewa kwa sheria na benki kuu au hazina ya nchi, na hata ile ya dhahabu ambayo hakuna atakayekwenda nayo dukani kwa kawaida huandikwa thamani yake. Kipande cha duara kisicho na nchi wala thamani kwa kawaida ni medali, au ni kumbukumbu ya dukani tu. Wapo watu makini wanaokusanya medali na sina neno nao. Neno langu ni kwa anayelipa bei ya dhahabu kwa medali ya chuma. Qatar yenyewe ilitoa vitu vyake halali kwa mashindano yale: Benki Kuu ya Qatar ilitoa noti ya plastiki ya riyali 22 pamoja na sarafu za kumbukumbu. Anayetaka Qatar 2022 aanzie huko.

Sasa twende kwenye vipimo vyako, na nakusifu kwa kuvichukua, maana wengi hununua kwa macho. Kipande chenye upana wa milimita 40 na unene wa milimita 3 kina ujazo wa karibu sentimita za ujazo 3.8. Dhahabu safi ina gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo. Zidisha: kipande chako kingekuwa dhahabu, kingevuka gramu 70. Kingekuwa dhahabu ya karati 18, bado kingekaribia 60. Punguza kidogo kwa ajili ya michoro na mabonde ya uso wake, lakini hutashuka mpaka 30. Gramu 30 kwa ukubwa huo ni uzito wa chuma, shaba nyeupe au mchanganyiko wa zinki uliopakwa rangi ya dhahabu juu. Na hata bila hesabu, muulize sonara huyo huyo gramu moja ya dhahabu inakwendaje leo, kisha uizidishe mara 30. Mwenye mzigo wa thamani hiyo hakuletei kibandani kwako kwa laki nne na nusu.

Ukitaka kuhakikisha kwa mikono yako, fanya kipimo cha maji. Nitakieleza polepole kwa sababu utakihitaji tena siku ukianza kununua sarafu za fedha. Tafuta mizani ndogo ya kielektroniki inayosoma mpaka gramu 0.01. Weka juu yake glasi yenye maji, bonyeza isome sifuri. Funga kipande chako kwa uzi mwembamba, kizamishe chote majini kikiwa kinaning'inia, kisiguse chini wala pembeni, nawe ukiwa umeushika uzi kwa juu. Mizani itasoma namba fulani. Chukua uzito wa kipande kikiwa kikavu, ugawe kwa namba hiyo. Jibu lake ndilo linalokwambia ni madini gani: dhahabu safi 19.3, fedha safi karibu 10.5, mchanganyiko wa shaba na nikeli karibu 8.9, chuma karibu 7.9. Gramu 30 za dhahabu safi majini zingesoma karibu 1.55. Chako nakitarajia kisome 3 na ushee. Ukishaona namba hiyo kwa macho yako hakuna cheti kitakachokuyumbisha. Cheti ni karatasi, na mwenye printa anaweza kukitoa hata hapo Barabara ya Nane.

Sumaku pia isaidie, ila ujue mipaka yake. Dhahabu haishiki sumaku, fedha haishiki, shaba na nikeli vikichanganywa kama ilivyo kwenye sarafu nyingi havishiki. Kipande cha "dhahabu" kikinasa, mjadala umekwisha. Lakini sarafu yetu ya shilingi 500 inanasa, nayo ni halali kabisa, kwa kuwa ni chuma kilichovikwa nikeli. Kwa hiyo sumaku inakwambia kama muuzaji amesema kweli kuhusu madini. Haikwambii kama sarafu ni ya kweli.

Na wewe una kifaa ambacho wakusanyaji wengi hapa Tanga hawana: hadubini ya kutazamia bodi za simu. Weka kipande hapo chini, utazame kingo za herufi. Sarafu hupigwa kwa mhuri wa chuma kigumu kwa nguvu kubwa, kwa hiyo herufi zake husimama wima, kingo kali, na uso kati ya herufi huwa laini. Kitu kilichomiminwa kwenye kalibu huwa na herufi za mviringo kama sabuni iliyotumika, na usoni utaona vitundu vidogo vya mapovu ya hewa. Zungusha ukingoni pia: ukiona mshono mwembamba unaozunguka katikati, hapo ndipo nusu mbili za kalibu zilipokutana.

Tukiache hicho sasa. Umeniuliza uanze na zipi, na hapo nina msimamo ambao wenzangu wengine hawaupendi. Anza na sarafu za kawaida za nchi mwenyeji, zile zilizoingia mifukoni mwa watu. Usianze na dhahabu, wala na fedha. Za kawaida ni rahisi, hakuna anayehangaika kuzighushi kwa sababu hazimlipi, na mchezo umo ndani yake kuliko ndani ya kasha lolote la mahameli.

Nikupe mfano wa Hispania. Iliandaa Kombe la Dunia la 1982, la kwanza kuwa na timu 24. Kabla ya hapo serikali ilibadilisha sura ya sarafu zake za matumizi, kuanzia sentimo 50 mpaka peseta 100, zikabeba maandishi ya ESPAÑA 82, na upande mwingine kichwa cha Mfalme Juan Carlos. Zote zimeandikwa mwaka 1980. Lakini chukua peseta 5 uiweke chini ya hadubini yako, utafute nyota ndogo sana. Ndani ya nyota hiyo mna tarakimu mbili, na huo ndio mwaka halisi sarafu ilipopigwa: 80, 81 au 82. Kwa hiyo peseta 5 tatu zinazofanana kama mapacha, zote za "1980", zinaweza kuwa za miaka mitatu tofauti, na ile yenye 82 ndani ya nyota ndiyo iliyozaliwa mwaka ambao Paolo Rossi aliipa Italia kombe. Zilitengenezwa kwa wingi, na Ulaya sarafu za zamani za namna hii huuzwa mchanganyiko kwa kilo. Mtu mwenye subira anaweza kukaa jioni nzima na fungu la peseta akitafuta nyota, na hiyo ni jioni nzuri sana. Wewe utaifurahia zaidi kwa sababu macho yako yameshazoea vitu vidogo.

Argentina 1978 nayo usiiache. Walipiga peso 20, 50 na 100 za matumizi, nyingine zikiwa na tarehe ya 1977, na wakabeba kombe nyumbani kwao, Mario Kempes akiwa mfungaji bora. Lakini bei za vitu nchini mle zilikuwa zikipanda kwa kasi ya kutisha, na mwaka 1983 wakalazimika kubadilisha pesa: peso mpya moja ikachukua nafasi ya peso 10,000 za zamani. Ile peso 100 ya mabingwa wa dunia ikabaki sawa na sehemu moja ya mia ya peso mpya. Mexico vilevile, peso 200 ya 1986, mashindano ya Maradona, ilikuwa sarafu kubwa yenye heshima, na mwaka 1993 nchi ikafuta sifuri tatu kwenye pesa yake. Hii ndiyo sababu napenda sarafu zilizotembea. Ukiishika peso 200 iliyochakaa unajua kuna mtu alipanda nayo basi wiki ile ile timu zinacheza uwanja wa Azteca.

Uingereza kuna mbili za lazima. Ya kwanza ni pauni 2 ya mwaka 1996, ya michuano ya Ulaya iliyochezwa kwao. Sarafu yenyewe imechorwa kama mpira, na ndani yake kuna vijiduara 16, kimoja kwa kila timu iliyoshiriki, maana 1996 ndio mwaka Euro ilipofikisha timu 16. Msanii hakuandika neno la kueleza vijiduara hivyo, amekuachia uhesabu. Ya pili ni peni 50 ya mwaka 2011, moja kati ya nyingi zilizotolewa kwa Olimpiki ya London 2012, nayo kwangu ndiyo sarafu ya mpira yenye akili kuliko zote nilizowahi kuzishika. Mchoraji wake, Neil Wolfson, hakuchora mchezaji wala kombe. Amechora sheria ya kuotea: uwanja umetazamwa kwa juu, wachezaji ni maumbo madogo, mishale inaonyesha pasi, na kila hali imeandikwa kama mchezaji ameotea au hajaotea. Zilipigwa zipatazo milioni 1.1 tu, ni chache kwa sarafu ya matumizi, kwa hiyo bei yake imepanda juu ya peni 50. Ukipata moja kutoka kwa ndugu aliyeko London usiulize mara mbili.

Ufaransa walitoa yuro 2 kwa Euro 2016. Urusi walitoa rubo 25 kwa Kombe la Dunia la 2018, za shaba na nikeli, zenye nembo, kombe na yule mbwamwitu wao Zabivaka. Hizi zinapatikana kirahisi kwa mabaharia na kwa Watanzania waliosoma kule. Pamoja nazo walitoa noti ya plastiki ya rubo 100 ambayo husimama wima, yenye mtoto aliyekumbatia mpira na kipa Lev Yashin akiruka. Noti si sarafu, lakini hiyo ningeivunjia mwiko.

Brazil 2014 wako katikati: hawakuziingiza sokoni, waliziuza kwa wakusanyaji, ila sita kati yake ni za madini ya kawaida, za reali 2, na kila moja ina tendo moja la mpira. Pasi, kichwa, chenga, kutuliza kifuani, kipa kuokoa, na goli. Ukizipanga sita hizo kwenye ubao unamaliza shambulizi zima. Kwa shabiki aliyekulia karibu na Mkwakwani, aliyesikia wazee wakisimulia Coastal Union ya 1988 ilivyochukua ubingwa, sioni zawadi bora.

Utaona mwaka wa sarafu mara nyingi haulingani na mwaka wa mashindano. Hispania 1980, Argentina 1977, Ujerumani walianza 2003 kwa Kombe la 2006. Nchi hutoa mapema ili kuchangia matayarisho na kuamsha hamu. Wanaoanza huona tarehe hizo wakadhani wamepigwa. Kinachopaswa kukushtua ni kinyume chake: kipande kinachojiita cha 1966 au 1970 huku kimechorwa kombe la sasa, lile la watu wawili walioinua dunia. Kombe hilo ni kazi ya Mwitaliano Silvio Gazzaniga na lilianza kushindaniwa 1974. Kabla ya hapo lilikuwepo Kombe la Jules Rimet, mungu wa kike mwenye mabawa, ambalo Brazil walipewa moja kwa moja 1970 kwa kulitwaa mara tatu. Kombe la Gazzaniga kwenye kitu "cha 1970" maana yake kitu hicho kilitengenezwa baadaye.

Ukishakuwa na hizo, na jicho limeanza kuzoea, ingia kwenye fedha. Ningekuelekeza Ujerumani 2006. Walitoa yuro 10 za fedha nne, moja kila mwaka kuanzia 2003 hadi 2006, gramu 18, upana milimita 32.5, fedha 925 katika 1000. Uzuri wake uko kwenye herufi ndogo inayotaja kiwanda: A ni Berlin, D Munich, F Stuttgart, G Karlsruhe, J Hamburg. Michoro minne kwa viwanda vitano ni sarafu ishirini, na hapo una kazi ya miaka. Rudi kwenye glasi yako ya maji: gramu 18 za fedha hiyo zitasoma majini karibu 1.74. Ikisoma 2 na zaidi, umeuziwa shaba na nikeli iliyopakwa. Ila kipimo hiki usikifanye kwa sarafu zile zinazong'aa kama kioo, ambazo wakusanyaji huziita pruufu. Tone moja la maji likikaukia pale linaacha doa la kudumu. Hizo nunua kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa, ndani ya kapsuli yake, yaani kijikasha cha plastiki ngumu cha sarafu moja, na upime kwa jumla ukitoa uzito wa kapsuli.

Mtu akikwambia fedha na dhahabu za Kombe la Dunia ni akiba kwa kuwa "hupanda kila mwaka", mkumbushe Marekani 1994. Bunge lao liliruhusu dola za fedha hadi milioni 5 kwa ajili ya mashindano yale. Zikauzwa chini ya laki 7. Waliozinunua kwa bei ya juu ya wakati ule walikuja kukuta kwa miaka mingi soko linawapa bei ya fedha iliyomo ndani na kidogo juu yake. Dola ile ni nzuri, mimi naipenda, na wewe ukiipata kwa bei ya madini yake ichukue. Lakini inunue kwa sababu unaitaka. Pesa ya kodi ya kibanda usiipeleke huko.

Kuna pia nchi zisizoandaa mashindano wala kushiriki, lakini hutoa sarafu za Kombe la Dunia ili ziuzwe kwa wakusanyaji wa nje. Cuba ilifanya hivyo kwa Hispania 1982. Nyingine ni za visiwa vidogo, nyingine za nchi za Afrika, na zinaandikwa nchi na thamani kama inavyotakiwa. Ni halali. Mimi huziweka nyuma, kwa sababu mara nyingi watu wa nchi hiyo hawajawahi kuziona, na sarafu ambayo wenyewe hawaijui inanipa hadithi fupi sana. Ukiipenda moja kwa mchoro wake, nunua, ila isikugharimu nafasi ya sarafu ya mwenyeji.

Jihadhari pia na sarafu za kweli zilizoharibiwa kwa kupambwa. Wapo wanaochukua rubo 25 halali, wakaichovya kwenye rangi ya dhahabu au kuibandika picha ya mchezaji, wakaiuza kwa bei mara tatu. Benki Kuu ya Urusi yenyewe ilitoa baadhi zikiwa na rangi, kwa hiyo rangi peke yake si kosa. Angalia kwenye orodha. Numista ni orodha ya sarafu za dunia iliyo wazi kwenye intaneti, bure, na kila sarafu ina uzito, upana, madini na picha za pande mbili. Ifungue kwenye simu kabla ya kutoa hata shilingi, linganisha na kile kilicho mkononi. Vipimo vikitofautiana, rudisha.

Sasa kuhusu kutunza, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu Tanga si Dodoma. Tuna unyevunyevu mwaka mzima na upepo wenye chumvi unaopiga kutoka baharini mpaka Ngamiani. Chumvi na unyevu vikikutana na shaba huzaa ukungu wa kijani, na ukishaanza unakula sarafu mpaka ndani. Fedha kwa upande wake hugeuka nyeusi kwa salfa iliyomo hewani, na salfa hiyo hiyo imo kwenye raba bendi na kwenye karatasi nyingi za bei rahisi. Kwa hiyo usifunge sarafu kwa raba bendi, usizifunge kwa gazeti, na usiziweke kwenye albamu zile za plastiki laini zinazonuka kama pazia jipya la bafuni. Plastiki hiyo hutoa mafuta ya kijani yanayonata, na yameharibu makusanyo mengi zaidi ya wezi. Tumia kapsuli za plastiki ngumu isiyonuka. Kisha ziweke ndani ya chombo chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya simu na viatu. Wewe navyo unavitupa kila siku; anza kuvihifadhi. Vikishalowa havifanyi kazi, vibadilishe.

Usiziweke karibu na meza yako ya kazi. Moshi wa fluksi na risasi unapolehemu unatua juu ya kila kitu, na joto la blowa si rafiki. Nyumbani nako ziweke mbali na chumba kinachofukizwa udi na ubani mara kwa mara, kwani moshi wake unaacha utando.

Na tafadhali sana, usizisafishe. Najua fundi simu akiona uchafu mkono unakwenda wenyewe kwenye brashi. Uzuie. Ndimu, majivu, dawa ya meno, thina, brashi ya bodi, vyote vinakwangua au kula ngozi ya juu, na mkusanyaji yeyote akiiweka chini ya taa ataona mikwaruzo imekwenda upande mmoja. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza thamani yake kwa mkusanyaji na hakuna njia ya kuirudisha. Weusi wa fedha uliokuja polepole una wapenzi wake, uache. Kama sarafu ina mchanga, imwagie maji safi yaliyochemshwa yakapoa, iache ikauke yenyewe juu ya kitambaa laini, bila kufuta. Ishike kwa ukingo siku zote, na ishikie juu ya mto au kitanda, usiishikie juu ya sakafu ya saruji.

Kuzipata kutoka hapa tulipo si kazi ngumu unavyodhani. Tuna bandari, tuna wageni wanaopita kwenda Pangani na Amboni, tuna mpaka wa Horohoro, na hakuna mtaa wa Tanga usio na mtoto wake Ulaya au Uarabuni. Mwambie kila mtu unachotafuta, kwa jina na mwaka, siyo "niletee sarafu". Mtu ukimwambia "peni 50 ya 2011 yenye uwanja wa mpira" ataikumbuka akiwa anahesabu chenji. Na kila inapoingia, andika kwenye daftari: imetoka kwa nani, lini, umelipa kiasi gani, uzito wako mwenyewe. Baada ya muda daftari hilo ndilo litakalokuonyesha bei ya kweli na bei ya kuambiwa.

Kuhusu AFCON ya 2027, ambayo sisi, Kenya na Uganda tumepewa kuiandaa kwa pamoja, uwe macho kuanzia sasa. Wafanyabiashara hawangoji. Utaona vipande vya njano vyenye bendera tatu, vyenye twiga, vyenye picha ya Uwanja wa Mkapa, vikiuzwa kama "sarafu rasmi". Mwenye mamlaka ya kutoa sarafu ya shilingi ya Tanzania ni Benki Kuu ya Tanzania peke yake, na imewahi kutoa za kumbukumbu, kama shilingi 20 ya 1981 ya miaka ishirini ya uhuru, ambayo bado unaweza kuipata kwenye makopo ya wazee wa hapa hapa mjini. Ikiamua kutoa ya mpira itatangaza yenyewe, na sarafu itakuwa na jina la Tanzania na thamani kwa shilingi. Hivyo hivyo kwa wenzetu wa Nairobi na Kampala.

Kwa ile laki nne na nusu yako, ningefanya hivi. Kwanza mizani ya gramu 0.01 na kapsuli za kutosha. Kisha peseta 5 tatu za Hispania, zenye nyota ya 80, ya 81 na ya 82, peso 200 ya Mexico, rubo 25 za Urusi, na pauni 2 ya 1996. Ikibaki, tafuta yuro 10 moja ya Ujerumani, herufi yoyote, uipime kwenye glasi. Na ile iliyobaki baada ya hapo ifunge mpaka 2027.